Coaster iliyomaliza betri: kisa cha gari-nyumba moja la Busia

Jozi ya tatu ya betri ilikuwa inakaribia kufa, na kila aliyeulizwa alikuwa na mtu wa kumlaumu. Muuza betri alisema alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, imechoka. Fundi wa alteneta alisema betri ni feki. Kijana wa gereji alisema ni mashimo ya barabarani, betri zinatikiswa mpaka sahani za ndani zinavunjika. Mwenye gari alikuwa amemlipa kila mmoja wao, na gari lilikuwa bado haliwaki asubuhi.

Nakieleza kisa hiki chote kwa sababu kasoro yake imo kwenye Coaster nyingi, yale mabasi madogo ya Toyota, zinazotembea Uganda, za abiria na za kulala, na kwa sababu kipimo ambacho karibu kila fundi hupima hakiwezi kuionyesha. Watu wanamwaga pesa nyingi kwa jambo ambalo mita ya bei ndogo ingeligundua kabla chai haijapoa.

Gari ni Toyota Coaster ya 1997 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2. Lilikuwa basi la wafanyakazi wa kiwanda. Mwenye nalo sasa ni dereva mstaafu wa malori anayeishi Busia, upande wa Uganda, mtu aliyepita Tororo, Mbale, Soroti na Lira usiku kwa miaka mingi bila kusimama. Alipostaafu akasema anataka kuiona mchana nchi aliyoivuka gizani. Yeye na mkewe waling'oa viti, wakaweka kitanda, jiko la gesi, sinki yenye pampu ya maji, taa nne za LED na friji ndogo ya kompresa ya volti 12. Mbao zilipigwa na seremala wa hapo hapo mtaani, kazi safi kabisa. Umeme wa ndani ulifungwa na huyo huyo seremala.

Kununua gari lingine kama hilo si rahisi tena. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari la abiria lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Coaster za miaka ya 1990 zilizopo ndizo zilizopo, na anayetaka kukaa na moja hana budi kujifunza kuitunza. Mzee huyu alilielewa hilo mapema. Oili anamwaga mwenyewe, chujio za dizeli anabadilisha mwenyewe, breki anazifungua mwenyewe. Umeme tu ndio aliokuwa akiuogopa.

Dalili ilikuwa ile ile kila mara. Jozi mpya ya betri inafanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Halafu inaanza kuwa nzito asubuhi, hasa sehemu za baridi. Wakilala Sipi, ambako ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, stata inazunguka kwa uvivu, mara mbili tatu, kisha inatoa ule mlio wa tak-tak-tak. Wakisukumwa, gari linawaka na kutembea siku nzima bila shida. Usiku wakilala, asubuhi yale yale.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya betri za maji. Ya pili akauziwa betri kavu, akaambiwa hizo hazisumbui. Ya tatu akarudi kwenye betri za maji, za ampea-saa 70 kila moja (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi). Na kila mara, hili ndilo jambo lililonishtua aliponisimulia, betri moja ilikuwa inakufa kwanza na nyingine inafuata. Wauzaji walimwambia hiyo ni bahati mbaya. Mara moja alibadilishiwa moja tu, ile iliyokufa, na ile mpya ikafa haraka kuliko ya kwanza.

Volti 24 za gari, volti 12 za nyumba

Coaster hizi zilizotoka Japani zinatumia volti 24. Betri mbili za volti 12 zimeungwa kwa mfuatano, chanya ya moja imefungwa kwenye hasi ya nyingine. Ile ambayo hasi yake imeshikwa na bodi ya gari nitaiita betri ya chini. Ile ambayo chanya yake inakwenda kwenye stata nitaiita betri ya juu. Stata, taa kubwa, waipa, vyote vinakula volti 24 kutoka ncha mbili za nje za mlolongo huo, kwa hiyo betri zote mbili zinatoa sawa na kupokea sawa.

Vifaa vya nyumbani vya gari vinavyopatikana madukani kwetu ni vya volti 12. Redio ni ya volti 12. Chaja ya simu, pampu, friji, nyingi ni hivyo hivyo. Sasa mtu anapotaka volti 12 kwenye gari la volti 24, kuna njia moja fupi inayomvutia: kuchukua waya kwenye kiungo kile cha kati, palipo na chanya ya betri ya chini. Ukipima hapo dhidi ya bodi unapata volti 12 nzuri kabisa. Kila kitu kinawaka. Hakuna cha kununua ila waya.

Redio nyingi za Coaster za abiria, na za malori, zimefungwa hivyo. Basi lile la kiwanda lilikuwa na redio ya namna hiyo tangu zamani. Seremala alipokuja kufunga taa na friji alitafuta volti 12, akaikuta nyuma ya redio, akaendeleza waya ule ule hadi nyuma ya gari. Simlaumu sana, alikuta njia imeshachongwa na watu wa umeme waliomtangulia. Lakini redio inakula kidogo na kwa saa chache. Friji ni mlaji wa aina nyingine kabisa.

Vipimo

Kabla ya kugusa spana nilimuuliza swali moja.

"Mzee, kuna aliyewahi kupima betri moja moja?"

"Hapana, mwanangu. Wote wanaweka mita mwisho kwa mwisho, wanasema ishirini na nne na ushee, wanafunga mfuniko."

Gari lilikuwa limelala usiku mzima, friji ikiwa inafanya kazi. Tulipima mwisho kwa mwisho kama wengine: volti 24.7. Ukiitazama namba hiyo peke yake utasema betri ni nzima. Jozi iliyojaa inakaa kwenye volti 25.2 hadi 25.4, kwa hiyo 24.7 inaonekana kama jozi iliyotumika kidogo tu.

Kisha tukapima moja moja. Betri ya chini: volti 11.9. Betri ya juu: volti 12.8.

Kwa betri ya risasi na asidi iliyopumzika saa kadhaa, 12.6 na kwenda juu ni imejaa, 12.2 ni nusu, na ikifika 11.9 imebakiwa na kiasi kidogo tu kinachostahili kuguswa. Kwa hiyo betri moja ilikuwa imejaa pomoni na nyingine ilikuwa inakaribia kuisha, na jumla yao ikatoa namba ya kuridhisha. Jumla ilikuwa inaficha. Mafundi wote waliotangulia walipima jumla, na kwa jumla walikuwa sahihi.

Tukasukuma gari, likawaka. Injini ikizunguka, mwisho kwa mwisho tulipata volti 28.2. Hiyo ni chaji sahihi ya alteneta ya volti 24, haina kasoro. Betri ya chini ilikuwa inapata 13.1. Betri ya juu ilikuwa inapata 15.1.

Hapo ndipo jambo lote lilipo. Alteneta haijui kuna betri mbili. Inaona ncha mbili tu na inasukuma hadi jumla ifike 28 na kitu. Betri iliyolegea inashika sehemu ndogo ya volti hizo, na iliyojaa inalazimika kubeba zilizobaki. Ni kama fahali wawili wa kulima kule Teso, waliofungwa nira moja: umwache mmoja na njaa kila usiku, mkulima ataongeza fimbo ili mtaro uishe, na aliyeshiba ndiye atakayeumia mabega.

Betri ya chini ikipata 13.1 kwa safari ya saa tatu haiwezi kujaa. Inahitaji zaidi ya 14 na muda mrefu. Ikikaa bila kujaa siku baada ya siku, salfeti ya risasi inayojitengeneza kwenye sahani wakati wa kutoa umeme haiyeyuki tena, inageuka kuwa fuwele ngumu, na kila wiki eneo la sahani linalofanya kazi linapungua. Betri ya juu ikipata 15.1 inachemka. Maji yanagawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni na kutoka kwenye matundu, kiwango kinashuka, sahani zinabaki wazi, na gridi za chanya, yaani fremu za sahani hizo, zinaliwa. Moja inakufa kwa njaa, nyingine kwa kulishwa kupita kiasi, na chanzo ni waya mmoja.

Tulifungua vizibo kuthibitisha. Betri ya chini ilikuwa na maji mpaka alama ya juu, haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji ya betri (namba ikipanda, chaji imepanda), ikasoma karibu 1.16. Betri ya juu ilisoma 1.28 kwenye seli ambazo haidromita iliweza kunyonya maji, lakini seli mbili zilikuwa zimekauka mpaka sahani zinaonekana. Na hapo nikaelewa kwa nini ile jozi ya betri kavu ilikufa upesi kuliko zote. Huwezi kuiongezea maji. Ikishachemka ndiyo imekwisha.

Wale waliosema alteneta, feki na mashimo hawakuwa wapumbavu. Betri feki zipo sokoni, na mtikisiko unaua betri isiyofungwa vizuri. Kweli, kibano cha betri ya juu kilikuwa kimelegea na tulikikaza. Lakini hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayoeleza kwa nini betri mbili zilizonunuliwa siku moja, duka moja, zikakaa sanduku moja, zinakufa kwa magonjwa mawili yaliyo kinyume.

Friji inakula kiasi gani

Mzee hakuamini kwamba kitu kidogo kama ile friji kinaweza kufanya hayo, na alikuwa na haki ya kuona hesabu. Tulifungua waya wake na kupitisha mkondo kwenye mita. Kompresa ikiwa inafanya kazi ilivuta karibu ampea 4.5. Kwa joto la Busia inazunguka kiasi cha nusu ya muda mchana na chini ya hapo usiku. Tukichukua saa kumi kwa siku ni ampea-saa 45. Taa nne kwa saa nne za jioni, ongeza 5. Pampu inavuta ampea 6 lakini kwa dakika chache tu, ni kama 1.5. Simu mbili na redio, 4 hivi. Jumla inakaribia ampea-saa 55 kwa siku.

Zote hizo zilikuwa zinatoka kwenye betri moja ya ampea-saa 70. Tena betri ya stata, ambayo imetengenezwa kwa sahani nyembamba nyingi ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Kuinyonya robo tatu kila siku kungeiua hata kama ingekuwa peke yake kwenye gari la volti 12.

Jambo la pili lilinitia hofu kuliko betri zenyewe. Waya wa redio ulikuwa mwembamba, milimita mraba 1.5, na seremala aliuendeleza na mwingine wa unene huo huo hadi nyuma, nyuma ya mbao. Fyuzi ya redio ilikuwa imeungua mara kadhaa, mtu akaweka ya ampea 30 ili isisumbue. Fyuzi ipo kulinda waya. Waya wa 1.5 uliofungiwa nyuma ya mbao ukibeba ampea 30 unayeyusha ganda lake kabla fyuzi haijakatika, na mbao hizo ziko karibu na mtungi wa gesi. Watu wawili wanalala humo. Kazi ya kwanza kabisa, kabla ya hesabu za betri, ilikuwa kuukata waya huo.

Kazi yenyewe

Siku ya kwanza tulifanya ya dharura tu. Tulifungua hasi ya bodi kwanza, kisha kiungo cha kati, ili kila betri isimame peke yake. Pete na saa ya mkono pembeni, sigara mbali, vifuniko wazi hewa ipite, kwa sababu hidrojeni inayotoka kwenye betri inayochemka inalipuka kwa cheche moja. Betri ya juu ikaongezwa maji ya betri, yaani maji yaliyotoneshwa, si asidi. Kuongeza asidi ni kosa ninaloliona sana: asidi haikupotea, kilichopotea ni maji. Betri ya chini ikawekwa kwenye chaja ya volti 12, polepole, kutwa na usiku kucha, mpaka haidromita iliposoma 1.25. Haikufika zaidi ya hapo. Sehemu yake ilikuwa imeshakufa.

Kisha tukakaa kuamua. Njia ni tatu na nimewahi kufanya kazi na zote.

Kuna kifaa cha kusawazisha betri, kinachofungwa kwenye ncha tatu na kuhamisha umeme kutoka betri iliyojaa kwenda iliyopungua. Malori hukitumia. Kwa redio na chaja za simu kinatosha. Kwa friji inayofanya kazi usiku kucha sikipendi, kwa sababu kinahamisha umeme kati ya betri za stata, na asubuhi zote mbili zimepungua kwa usawa, lakini zimepungua.

Kuna konveta ya kushusha volti, kutoka 24 hadi 12. Inavuta mwisho kwa mwisho, kwa hiyo betri zote mbili zinatoa sawa, na ule ugonjwa wa moja kushiba na nyingine kufa njaa unaisha siku hiyo hiyo. Mwenye pesa ya kifaa kimoja tu na anunue hiki. Bado lakini unalalia betri za stata. Ampea-saa 55 za volti 12 ni kama 30 za volti 24 ukihesabu na upotevu wa konveta. Jozi nzima ya 70 itabakiwa na 40 asubuhi. Pwani ya ziwa gari linaweza kuwaka. Sipi kwenye baridi sitaki kubahatisha.

Njia ya tatu ni kuipa nyumba betri yake. Betri za gari zinabaki za gari, hazina habari na friji. Hii ndiyo niliyoipigania, na mama, mke wa mzee, ndiye aliyekata shauri. Alisema amechoka kuamka na wasiwasi wa kuomba vijana wa kusukuma. Basi.

Tulipanga kwa awamu kwa sababu pesa ilikuwa ya pensheni. Kwanza betri mbili za sola za ampea-saa 100 kila moja, zile za sahani nene zinazovumilia kutolewa umeme polepole, zikaungwa sambamba ili zibaki volti 12. Jumla 200, na tukakubaliana zisishuke chini ya nusu. Hiyo inawapa siku moja na zaidi bila kuongeza chochote. Pamoja nazo chaja inayopokea volti 24 za gari na kutoa chaji ya volti 12 kwa hatua, ampea 20. Paneli ya sola ya wati 200 ikaja baadaye.

Mahali pa kuweka chaja si jambo dogo. Mzee alitaka iwe mbele karibu na betri za gari, ionekane. Nilimwonyesha hesabu. Ampea 20 za volti 12 zikisafiri mita 7 kwenda nyuma na kurudi, kwa waya wa milimita mraba 6, zinapoteza volti 0.8 njiani, na betri inayohitaji 14.4 itachelewa sana kujaa. Ukiiweka chaja nyuma, pembeni ya betri za nyumba, waya mrefu unabeba volti 24 kwa ampea 12 hivi, unapoteza volti 0.5 kati ya 27, na chaja yenyewe inafidia. Waya ule ule, pesa ile ile, tofauti ni mahali tu. Fyuzi ya ampea 20 ikakaa sentimita chache kutoka betri za gari, na nyingine karibu na betri za nyumba, maana waya huo una umeme pande zote mbili.

Hasi zilitupa kazi kuliko nilivyodhani. Seremala alizifunga kwenye boliti za reli za viti vya zamani, juu ya rangi na kutu. Friji ikiwa inazunguka, kati ya hasi yake na hasi ya betri tulipima volti 0.6. Nusu volti na zaidi inapotea kwenye kutu. Friji inaona volti ndogo, inajizima mapema, mtu anasema friji mbovu. Tulivuta hasi moja nene kutoka betri za nyumba hadi kwenye kipande cha shaba cha kugawia, kila kifaa kikapata waya wake, na kipande hicho kikashikwa na bodi mahali pamoja tu, palipokwanguliwa hadi chuma cheupe na kupakwa grisi.

Redio nayo tuliitoa kwenye kiungo cha kati na kuileta upande wa nyumba. Mzee alinung'unika, redio imekaa pale tangu gari likiwa la kiwanda. Lakini hata kumbukumbu ya redio iliyozimwa inanyonya kidogo kidogo mchana na usiku kutoka betri moja, na gari likikaa mwezi mzima nyumbani tofauti inajirudisha. Leo hakuna waya wowote kwenye kiungo cha kati isipokuwa kiungo chenyewe.

Paneli juu ya paa

Paa la Coaster ni la bati la chuma, na adui wa gari-nyumba kuukuu ni maji kuliko umeme. Kila tundu la skrubu ni mlango wa kutu. Tulipandisha paneli kwa mabano yaliyobandikwa kwa gundi ya vioo vya magari, rangi ikiwa imekwanguliwa kidogo na kusafishwa kwa spiriti, ikaachwa ikauke siku kadhaa kabla gari halijatembea. Tundu moja tu lilitobolewa, la waya, nyuma, likaingizwa kizibo cha mpira na kukingwa na kifuniko kinachotazama nyuma. Kabla ya kurudisha mbao za dari tulimwaga ndoo za maji juu na mama akakaa ndani na tochi. Hakuna tone. Dari ikafungwa.

Karibu na ikweta jua linapita karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo paneli inalala bapa na hupotezi kitu cha maana. Tuliinyanyua nyuma vidole viwili tu, mvua ioshe vumbi. Wati 200 kwa saa tano za jua zuri, ukitoa upotevu wa joto na waya, zinaleta kama ampea-saa 55. Ni matumizi yao ya siku. Kwenye mvua za Machi hadi Mei usitegemee nusu ya hapo, ndiyo maana chaja ya alteneta ilitangulia na sola ikafuata.

Baada ya safari yao ya Soroti na Moroto walirudi Busia na tukapima tena, gari likiwa limelala. Betri ya chini 12.6, ya juu 12.7. Injini ikizunguka, 14.1 na 14.1. Ile ya juu haijasahau kukauka kwake, ukiibana kwa mzigo inalegea kuliko mwenzake, na ya chini imepoteza sehemu ya ujazo. Zitakaa muda kisha zibadilishwe, zote mbili siku moja, aina moja, ujazo mmoja. Kuweka mpya pembeni ya iliyochoka kunarudisha ule ule mgawanyo wa volti usio sawa, safari hii bila hata friji.

Jambo moja zaidi kwa wenye Coaster, kwa sababu nimeliona likifanyika barabarani. Gari la volti 24 likikataa kuwaka, usilete gari la volti 12 na kubandika nyaya mwisho kwa mwisho. Utaunguza alteneta ya msamaria wako, au zaidi ya hapo. Na ukitaka kujua kama gari lako lina ugonjwa huu, liache lilale usiku, chukua mita, pima betri ya kwanza peke yake na ya pili peke yake, kisha washa injini na upime tena. Tofauti ikiwa inazidi volti 0.3, tafuta kiungo cha kati, shika kila waya unaotoka hapo na uufuate mpaka mwisho wake kabla hujaingia duka la betri.